Maji Hayarudiwi

Mtu wa mjini Unguja haulizi lilipo Kanisa la Minara Miwili. Minara yake huonekana kutoka baharini kabla chombo hakijatia nanga, na wanaoelekeza wageni katika vichochoro vya Shangani huitumia kama watu wa mashamba watumiavyo mbuyu. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza ndani yake husemwa nini, na baadhi ya waliouliza hulichanganya na lile la Mkunazini, ambalo ni la Waanglikana na limejengwa palipokuwa soko la watumwa. La Shangani ni la Wakatoliki. Lau mpita njia angesimama mlangoni jioni moja akasikiliza, kitu cha kwanza kumshangaza kisingekuwa ugeni wa maneno bali wenyeji wake. Toba, rehema, neema, sadaka, malaika, ibada, nafsi, dhambi: yote hayo ameyajua tangu chuoni. Katikati yake angesikia machache ya safari nyingine, kama padre, lililoachwa na Wareno, au Noeli, lililoletwa na Wafaransa. Lakini hayo ni kama pilipili manga katika pilau, hayaugeuzi mchele.

Maneno hayo hayakubaki Shangani. Mwaka 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ilikabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lenye asili ya Ufaransa, nao mwaka 1868 wakavuka bahari kwenda Bagamoyo, wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Watoto hao walitoka katika makabila yasiyosikilizana kwa lugha, na dini mpya wakafundishwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyoweza kukutana ndani yake. Mmoja wa mapadre wa shirika hilo, Charles Sacleux, aliisikiliza lugha hiyo kwa sikio la ajabu, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka mwaka 1939, mpaka leo haina budi kufunguliwa na anayetaka kujua neno la pwani lilivyotamkwa kabla ya usanifishaji. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont na Padre Alexandre Le Roy walisafiri hadi Kilimanjaro kutafuta mahali pa kuweka misheni. Mwaka 1891 ilifunguliwa ya kwanza, Kilema. Mwaka 1893 ikafuata ya Kibosho. Katika mizigo yao mapadre walipandisha pia miche ya mibuni, kwa hiyo kahawa ya mlimani na katekisimu ya mlimani ni ndugu wa safari moja. Bei ya mmoja imepanda na kushuka mara nyingi. Wa pili hauzwi, japo nao una misimu yake.

Anayetaka kujua Wakatoliki wanaamini nini na wanatenda nini anaweza kwenda Kilema au Kibosho, ambako wao ndio wenye nyumba. Afadhali lakini aende Masama. Huko Mkatoliki ndiye jirani aliye mchache, na mtu aliye mchache hulazimika kujieleza.

Masama imo wilayani Hai, upande wa magharibi wa Machame. Anayetoka Moshi kwenda Arusha huiacha barabara kuu Kwa Sadala, penye soko, akapanda. Kadiri apandavyo ndivyo joto linavyopungua na migomba inavyosongamana, mpaka nyumba huonekana kwa paa zake tu, kila moja ndani ya kihamba chake, na mfereji wa maji ukipita kando. Mwaka ule ule wa 1893 ambao mapadre waliingia Kibosho, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliingia Machame, na tangu hapo mlima ukagawanyika kwa namna ambayo mtoto wa huko huijua kabla ya kujua kusoma. Kibosho, Uru, Kilema na Rombo zikaelekea Roma. Machame na Masama, Mamba na Moshi ya Kale zikaelekea Wittenberg. Walutheri wa mwanzo walishika Kichaga. Waliona kwamba Neno la Mungu halina budi kumfikia mtu kwa lugha ya mama yake, na wengine wao walikitilia Kiswahili shaka kuwa ni lugha ya pwani na ya Uislamu. Wakatoliki walikuwa wametoka pwani hiyo hiyo, na Kiswahili kilikuwa tayari mkononi. Leo pande zote mbili huhubiri kwa Kiswahili, lakini alama zimesalia katika majina. Mwanamume wa Kibosho huitwa Deogratias, ambalo ni Kilatini. Mwanamke wa Masama huitwa Aikaeli: *aika* ni ahsante ya Kichaga, na Eli ni jina la Mungu lililochumwa katika Biblia. Majina hayo mawili yana maana moja, ahsante kwa Mungu, na wenye nayo wamekaa pande mbili za mlima zaidi ya karne moja wakidhani ni watu tofauti.

Chukua basi, msomaji, jambo lililo la kawaida kabisa. Binti wa Masama, aliyebatizwa akiwa mchanga katika usharika wa Kilutheri, akafundishwa huko na kuimba kwaya huko, anachumbiwa na kijana wa Kibosho. Wazee wanacheka kwanza, maana karne ya kumi na tisa Mangi Sina wa Kibosho na watawala wa Machame hawakuwa watu wa kupeana mabinti kwa amani. Kisha swali linaulizwa, kwa sauti ya chini, jikoni kwanza na baadaye barazani: atahamia kwao? Katika desturi jibu lilikuwa wazi, kwamba mke hufuata. Watu wengi wa pande zote mbili wanaamini kuwa hiyo pia ndiyo sheria ya Kanisa Katoliki. Siyo. Mkatoliki anayetaka kumwoa Mkristo wa kanisa jingine huomba ruhusa ya askofu, naye mwenyewe huahidi kutoiacha imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Ukatoliki. Mwenzake huarifiwa tu juu ya ahadi hiyo. Yeye haahidi kitu, na tangu mwaka 1970 sheria haimtaki aahidi. Sheria hiyo hiyo ya Kanisa inakataza mtu yeyote kushurutishwa kuipokea imani. Ni mambo ambayo yangestahili kusemwa kwa sauti zaidi kuliko yanavyosemwa. Nyumba nyingi zimepata majeraha kwa kutoyajua.

Lakini yuko pia anayetaka mwenyewe. Amehudhuria Misa mara kadhaa na mchumba wake, kitu kimemshika, na hakuna aliyemsukuma. Huyo ndiye mgeni wa imani anayestahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa anaingia nyumba ambayo nusu ya vyumba vyake anavijua.

Anakabidhiwa kwa katekista. Katekista si padre. Mara nyingi ni mkulima au mwalimu mstaafu, na katika historia ya mlima huu yeye ndiye aliyefundisha dini nyumba kwa nyumba, padre akifika kwa zamu. Akiwa na busara huanza kwa kumwambia mgeni kwamba Kanuni ya Imani anaijua, Sala ya Bwana anaijua, na Amri Kumi anazijua; tena kwa hesabu ile ile, kwa kuwa Luther alizihesabu kama alivyozikuta, na ni Wakristo wengine waliozigawa vingine. Anajua pia Utatu. Hapa msomaji wa visiwani atasita, na ni haki yake kusita. Mkristo akisema Baba na Mwana na Roho Mtakatifu hasemi miungu mitatu. Anasema Mungu Mmoja katika Nafsi tatu. Waliotafsiri walilichagua neno nafsi, wakaliazima kutoka mahali ambapo lilikuwa likimaanisha kitu kingine, na ni lazima ikubaliwe kwamba limechoka kwa mzigo waliolitwisha. Mwislamu na Mkatoliki wanaachana papo hapo, na hakuna ustadi wa tafsiri utakaowapatanisha. Ila ni wema mtu akajua jirani yake anakana nini hasa na anakiri nini hasa.

Biblia ya katekista ni nene kuliko ya mgeni: ina vitabu 73, ya kwake ina 66. Vilivyozidi vyote viko Agano la Kale, Tobiti na Yudithi na Hekima na Yoshua bin Sira na wenzao, na kimojawapo, cha pili cha Wamakabayo, kitamgusa mwisho wa safari yake kuliko anavyofikiri sasa.

Sakramenti ni saba. Neno lenyewe halikupata Kiswahili, wakaliacha lilivyo, na maana yake inayofaa kwa mgeni ni hii: alama inayoonekana, inayotenda kile inachokionyesha. Maji yanaosha, na kweli mtu anaoshwa. Mafuta yanaimarisha, na kweli mtu anaimarishwa. Ukatoliki ni dini ya vitu. Mtu aliyezoea kanisa ambamo Neno husomwa, huhubiriwa na kuimbwa, na vingine vyote ni vichache, atajikuta katikati ya maji, mafuta, majivu, matawi, ubani na mishumaa, na huenda akahisi kwamba amerudi nyuma. Kuna Wakatoliki wanaomjibu kwa kumdharau, na wanakosea, maana swali lake ni zito: je, Mungu anahitaji mafuta? Jibu la Kanisa ni kwamba Mungu hayahitaji. Mwenye mwili ndiye anayehitaji.

Ya kwanza ni Ubatizo, na hapo mgeni anapata mshangao mwema. Hatabatizwa. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba mtu akishabatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amebatizwa, na jambo hilo halirudiwi, hata kama aliyemwaga maji alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Linakwenda mbali zaidi: penye haja ya haraka mtu yeyote anaweza kubatiza, mkunga, jirani, hata asiyebatizwa mwenyewe, mradi anakusudia kutenda kile Kanisa linachotenda. Katika dini yenye ngazi nyingi za wakubwa, mlango wa mbele umeachwa bila bawabu. Kwa sababu hiyo mwongozo uliotolewa Roma mwaka 1972 kuhusu kuingizwa kwa watu wazima katika Ukristo unawatenga kwa uangalifu wakatekumeni, ambao hawajabatizwa, na wale ambao tayari ni Wakristo. Wa kwanza wanabatizwa. Wa pili wanapokelewa katika ushirika kamili. Kumwita huyu wa pili mwongofu, kama wafanyavyo wengi barazani, ni kumtukana bibi yake aliyempeleka kisimani mwa ubatizo siku ile.

Kinachotakiwa kwake ni cheti. Na kukipata kunataka arudi usharikani, akae mbele ya mchungaji aliyemfundisha, aseme anakihitaji kwa nini. Hakuna mafundisho ya dini yanayomwandaa mtu kwa robo saa hiyo. Mchungaji anamjua mama yake. Huenda alimzika babu yake. Akikiandika cheti kile, na kwa kawaida hukiandika, anakuwa shahidi wa Ukatoliki wa binti yule bila kupenda: mkono wa Kilutheri ndio unaomthibitishia padre kwamba huyu amekwisha kuzaliwa kwa maji.

Mshangao wa pili si mwema hivyo. Binti anamwambia katekista kwamba kipaimara pia ameshapata. Anasema kweli. Walutheri wa Tanzania wanalitumia neno hilo hilo, na alilipata kwa jasho, akihudhuria mafundisho muda mrefu, akasimama mbele ya usharika wote kwa nguo nyeupe na kukiri kwa kinywa chake imani ambayo wadhamini walimkiria alipokuwa mchanga. Katekista anamwambia atapata Kipaimara. Neno ni moja, limeundwa kwa kitenzi cha kupa na neno imara, na huenda hakuna neno lililofinyangwa vizuri zaidi katika Kiswahili chote cha makanisa. Lakini linabeba vitu viwili. Kwa Mlutheri, kijana ndiye anayeiimarisha imani yake mbele ya watu. Kwa Mkatoliki, Mungu ndiye anayemwimarisha kijana, kwa kupakwa krisma kwenye paji la uso, na hiyo ni sakramenti ambayo Kanisa linashikilia kwamba haiwezi kutolewa nje ya mfuatano wa maaskofu uliopokewa tangu Mitume. Krisma ni mafuta ya mzeituni yaliyochanganywa na manukato, na askofu huyaweka wakfu mara moja kwa mwaka, karibu na Pasaka, pamoja na mapadre wake. Kwa hiyo mafuta yatakayomgusa binti wa Masama yametoka kanisa kuu la Kristo Mfalme mjini Moshi na kupandishwa mlimani katika chupa ndogo. Ni kitu kizuri kukifikiria. Hata hivyo haiondoi uchungu wa kuambiwa kwamba maji yako tunayakubali, siku yako ya nguo nyeupe hatuihesabu. Katekista mwenye huruma hasemi hivyo. Husema kwamba siku ile haikupotea, ila hii ni nyingine. Yote mawili ni kweli, na mgeni hana budi kuyabeba pamoja.

Kisha Ekaristi, ambayo ndiyo moyo wa yote. Si sahihi kusema, kama baadhi ya Wakatoliki wasemavyo, kwamba Mlutheri anaona mkate ni ukumbusho mtupu. Mlutheri anaamini kwamba katika Chakula cha Bwana anapokea mwili wa Kristo kweli, pamoja na mkate. Mkatoliki anaamini kwamba baada ya maneno ya padre hakuna tena mkate. Kimebaki kionekanacho na kionjwacho, lakini chenyewe kilivyo ndani kimegeuka na kuwa Kristo mzima. Tofauti hiyo inaweza kuonekana nyembamba kama uzi, mpaka Misa iishe. Ndipo inapoonekana kinachofanyiwa masalio: hufungiwa katika tabernakulo, taa huwashwa mbele yake usiku na mchana, na kila apitaye hupiga goti. Mkatoliki anapoingia kanisani tupu, saa tisa mchana, hakuna ibada wala wimbo, na akapiga goti, hapigi mbele ya jengo. Mgeni akiielewa taa ile ameuelewa Ukatoliki nusu yake.

Muda wote wa mafunzo hatakula. Wenzake wa benchi watainuka, watapanga mstari, watarudi vichwa vimeinama, naye atabaki ameketi, magoti yake ameyasogeza pembeni ili wapite. Ni funzo gumu kuliko yote ya katekista. Na hata siku atakapoinuka yeye, mama yake aliyekuja kumshuhudia atabaki pale pale. Mwaka 1999, tarehe 31 Oktoba, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini mjini Augsburg tamko la pamoja kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa imani katika Kristo, na kwamba laana walizotupiana karne ya kumi na sita haziwahusu tena wanaofundisha hivyo. Ugomvi uliozigawa Machame na Kibosho ulianzia hapo hasa, na umetiwa saini kuwa umekwisha. Meza haijawa moja. Anayemwona mama yule kwenye benchi ana haki ya kuuliza, na wanatheolojia wana majibu, na majibu yao ni marefu.

Kitubio kinamtisha mgeni kabla ya kukifanya na kumshangaza kwa wepesi wake baada ya kukifanya. Anakwenda kwa padre peke yake, anataja dhambi zake kwa kinywa, anapewa malipizi ya kutimiza, anaondolewa. Padre akilitoa nje lolote aliloambiwa, hata kuokoa maisha yake, anajitenga mwenyewe na Kanisa. Mtu wa pwani atalitambua neno tubu ndani ya kitubio. Mtu wa Masama ana kitu kingine cha karibu zaidi, jani la isale, lile lipandwalo mipakani mwa vihamba na makaburini. Katika desturi ya Wachaga, aliyekosa alikwenda kwa aliyekosewa akiwa amelishika jani hilo, na ilikuwa vigumu sana, karibu haiwezekani, kumkatalia aliyekuja nalo. Mambo haya hayalingani. Katika kitubio anayekosewa kwanza ni Mungu, na msamaha hautolewi kwa aibu mbele ya wazee. Lakini mtu aliyelelewa akijua kwamba msamaha ni kitu kinachobebwa mkononi na kupelekwa kwa miguu mpaka mlangoni kwa mtu, hahitaji maelezo marefu kwa nini dhambi isiishie moyoni tu.

Mengine yaweza kutajwa kwa haraka. Ndoa, Mpako wa Wagonjwa na Daraja Takatifu zinakamilisha saba. Bikira Maria haabudiwi. Anaombwa aombe, na mwenye kuijua Sura ya Maryam anajua vyema kwamba heshima kwa mama yule si mali ya Wakristo pekee. Rozari ni shanga za kuhesabia sala, na mtu wa Unguja akiiona mkononi ataiita tasbihi bila kukosea sana. Papa, ambaye tangu Mei 2025 ni Leo wa 14, hutajwa kwa jina katika kila Misa pamoja na askofu wa mahali, hata kama waliohudhuria ni watano chini ya mwembe. Na Mkatoliki wa Tanzania haishi parokiani tu, anaishi jumuiyani: nyumba kumi au ishirini za majirani, zinazokutana kila wiki kwa zamu, kusali, kusoma Injili, na kuulizana nani mgonjwa na nani hakuonekana. Mgeni atapokelewa huko kabla ya kupokelewa kanisani, na mara nyingi ni huko atakakoamua kama anabaki.

Kwaresima huanza kwa majivu, yanayotokana na matawi ya mwaka uliopita yaliyochomwa. Siku zake zinahesabiwa 40, na msomaji aliyezoea Ramadhani ataona sheria yake ni laini: kufunga ni siku mbili tu zilizo lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo mmoja kamili, kuanzia miaka 18 hadi kuingia 60, na kuacha nyama siku za Ijumaa. Ulaini huo umewafanya wengi waone kwamba Wakatoliki hawafungi. Wanaofunga kwa dhati hujiongezea wenyewe, na Masama, mnamo Februari na Machi, wengine hujinyima mbege, ambalo kwa Mchaga si jambo dogo.

Halafu unafika usiku wa Jumamosi Kuu. Taa zote huzimwa. Moto huwashwa nje, na mlimani moto wa usiku ni kitu cha haja, si mapambo. Mshumaa mkubwa wa Pasaka huwashwa kwa moto huo na kuingizwa gizani, na kutoka kwake huwashwa mishumaa ya watu mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuso zinaonekana. Masomo husomwa, marefu, tangu kuumbwa ulimwengu. Watakatifu huitwa kwa majina. Wakatekumeni hukaribia maji na kubatizwa. Binti yetu anasimama kando, kavu, mshumaa mkononi. Waliokuja bila kujua humwonea huruma kwamba amesahauliwa. Hajasahauliwa. Kukaa kwake kavu usiku ule ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambazo Kanisa Katoliki linaweza kuupa usharika wa Masama. Baadaye anaitwa kwa jina, anakiri kwamba anaamini yote ambayo Kanisa linaamini na kufundisha, anapakwa krisma, na saa chache kabla ya alfajiri anainuka kwenye benchi na kupanga mstari pamoja na wengine.

Huo ungekuwa mwisho kama wafu wasingekuwapo. Masama wafu hawako mbali: wamezikwa kihambani, hatua chache kutoka mlangoni, chini ya migomba, na isale limepandwa penye kaburi. Desemba watoto wao waliotawanyika Dar es Salaam na Mwanza hupanda mlima kwa mabasi yaliyojaa, na moja ya kazi zao za kwanza ni kufyeka magugu makaburini. Bibi aliyempeleka mchanga kisimani yuko hapo. Katika mafundisho aliyolelewa binti, aliyekufa amewekwa mikononi mwa Mungu, jambo limekwisha, na hakuna cha kumfanyia. Kumwombea kulionekana ni kuirudia desturi ya wahenga kwa mlango wa nyuma, na wamisionari wa Leipzig hawakuwa na ulegevu juu ya hilo. Katika nyumba yake mpya anaambiwa kwamba wafu wanaombewa, kama askari waliouawa walivyoombewa katika kitabu kile cha Wamakabayo. Kwamba wengi wanaokufa katika neema bado wana la kutakaswa. Na kwamba hali hiyo inaitwa toharani. Mtafsiri aliyelichukua neno tohara, lililokuwa la wudhu na la jando, akaliongezea kiambishi cha mahali na kulipeleka ng'ambo ya kaburi, alikuwa na mkono wa mshairi. Wafaransa na Waingereza wana neno la Kilatini ambalo siku hizi linawakumbusha mateso. Mswahili anasikia usafi.

Swali ni kama bibi anahusika. Hakuwa Mkatoliki; pengine angekasirika kujua. Jibu la Kanisa ni kwamba sala kwa marehemu haina mpaka wa parokia, na mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, anaweza kutolewa nia ya Misa. Kwa hiyo Novemba inapoingia, na tarehe 2 inapokaribia, bahasha hupitishwa jumuiyani pamoja na karatasi ya kuandikia majina ya marehemu wa kila nyumba. Orodha huwa ndefu. Kuna Aloyce, kuna Kalisti, kuna Deogratias wawili wa ukoo mmoja. Mkono wa binti unaandika chini yao Aikaeli, bila kueleza, na karatasi inakwenda nyumba ya pili.